Baiskeli kwenye njia tulivu za mabonde ya mito na mashamba ya mizabibu Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya mwanzo

Mnaposema "njia tulivu", mnamaanisha njia ya baiskeli peke yake?

Si lazima. Utakutana na maneno mawili kwenye vibao na ramani, na ukiyachanganya utashangaa njiani. *Voie verte* ni njia iliyofungwa kwa magari, mara nyingi imewekwa juu ya reli ya zamani au kando ya mfereji. Humo utapishana na watembea kwa miguu, watoto na mbwa. *Véloroute* ni safari ndefu iliyowekewa vibao, inayounganisha vipande vya voie verte, njia za mashambani na barabara ndogo za magari. Kwa hiyo kwenye véloroute utakutana na gari, ila machache.

Zipo pia barabara za kawaida zisizo na kibao chochote cha baiskeli, zile zenye herufi D (za département, yaani jimbo la utawala) au C (za kijiji). Nyingi kati ya hizi ndizo tulivu kuliko zote, na ndizo zinazopita katikati ya mizabibu.

Nitajuaje barabara ni tulivu kabla sijafika?

Tazama bonde, usitazame namba ya barabara. Karibu kila bonde la mto Ufaransa lina kingo mbili zisizofanana: upande mmoja umechukua barabara kuu na reli, upande wa pili umebaki na barabara nyembamba ya vijiji. Ukiona kwenye ramani reli na barabara nene vimefuatana ukingo mmoja, vuka daraja. Kati ya Blois na Tours, kwa mfano, D952 inakwenda ukingo wa kaskazini wa mto Loire ikiwa na malori yake, ilhali njia ya baiskeli imepitishwa kusini kwa sehemu kubwa.

Kwenye mizabibu isiyo na mto, kanuni ni ileile ila kwa wima. Barabara ya magari hukaa chini, kwenye tambarare. Barabara ya wakulima hukaa katikati ya mteremko, ikitoka kijiji hadi kijiji. Kusini mwa Dijon, D974 ya chini ni ya kukimbiza magari, na D122 iliyo juu yake kidogo ndiyo inayopita Gevrey-Chambertin, Morey-Saint-Denis na Chambolle-Musigny hadi Vougeot. Haziachani mbali, lakini ni dunia mbili.

Jambo la pili ni saa. Kati ya saa sita mchana na saa nane Wafaransa wa vijijini wako mezani, na barabara hubaki tupu. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu, na jioni saa kumi na moja hadi saa moja, hata barabara nzuri hujaa watu wa kwenda na kutoka kazini.

Je, kuna milima?

Kandokando ya mto, karibu hakuna. Njia za reli za zamani nazo hupanda polepole, kwa sababu treni haikuweza mteremko mkali. Mizabibu ndiyo yenye siri: hupandwa kwenye miteremko ili ipate jua na maji yasituame, kwa hiyo kila unapoacha mto kufuata zabibu, unapanda. Alsace na Bourgogne ni vipando vifupi, vingine vikali. Beaujolais ni vilima vya kweli, usiifanye siku yako ya kwanza.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Mwishoni mwa Juni mwanga hudumu hadi karibu saa nne usiku. Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na mizabibu haina kivuli: mimea yenyewe ni mifupi kuliko mwendesha baiskeli. Ukilazimika kwenda Agosti, ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na umalize safari kabla ya saa saba mchana.

Wanaoijua Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakumbuke kwamba Ufaransa mavuno ni mara moja tu, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Oktoba kutegemea eneo na hali ya hewa. Wiki hizo mashamba yanapendeza, lakini vitanda vya wageni huadimika na barabara huwa na tope (tazama "Mambo yanayoharibika njiani").

## Njia zenyewe

Nianze na ipi?

Bourgogne, kutoka Beaune kwenda Cluny. Ni kama kilomita 100, siku mbili au tatu za starehe, nayo inakuonjesha kila aina ya njia.

Sehemu ya kwanza ni *Voie des Vignes*, kilomita 22 kutoka Beaune hadi Santenay, ikipita Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet. Usiidharau kwa ufupi wake. Inapanda na kushuka, kuna vipande vya zege vyenye viungo vinavyogonga gurudumu, na kona zake hupita kati ya kuta za mawe ambazo huoni trekta linalokuja. Mashamba haya, yanayoitwa *climats*, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015, na vibao vya majina kwenye milango ya mawe vinaeleza kwa nini: hatua ishirini tu na umebadilisha shamba, jina na bei.

Kutoka Santenay unashika mfereji wa Canal du Centre kupitia Chagny hadi Chalon-sur-Saône. Hapa ni tambarare tupu. Kisha unakwenda Givry, na kutoka hapo ni kilomita 44 za voie verte hadi Cluny kupitia Buxy, Saint-Gengoux-le-National, Cormatin na Taizé. Ilifunguliwa mwaka 1997 juu ya reli ya zamani, nayo ndiyo voie verte ya kwanza ya Ufaransa. Stesheni za zamani bado zimesimama, na nyingi zina meza za kupumzikia.

Nikitaka kuendelea kutoka Cluny hadi Mâcon?

Mbele yako kuna handaki la Bois Clair, urefu wa kilomita 1.6. Ndani ni baridi hata Julai, kwa hiyo vaa koti kabla ya kuingia na washa taa zako mwenyewe hata kama handaki lina taa. Msimu wa baridi hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo. Likifungwa, unapanda juu ya kilima chenyewe kwa njia yenye vibao, na miguu italijua hilo.

Loire à Vélo ni nzuri kama inavyosifiwa?

Ndiyo, kwa anayetaka wepesi. Ni njia ya baiskeli ya kama kilomita 900 kutoka Cuffy, karibu na Nevers, hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye bahari ya Atlantiki, na sehemu yake kubwa iko ndani ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayokwenda hadi Bahari Nyeusi. Vibao ni vya kutosha kiasi kwamba ramani inakuwa akiba tu. Kasoro yake ni kwamba kati ya Blois na Tours mwezi Agosti kuna foleni ya baiskeli.

Kama una siku nne tu, fanya Tours hadi Angers. Utapita Villandry, kisha Candes-Saint-Martin ambapo mto Vienne unaingia Loire, halafu Montsoreau na Saumur. Kati ya Montsoreau na Saumur njia inapita mbele ya nyumba na maghala ya divai yaliyochimbwa ndani ya jiwe laini jeupe liitwalo *tuffeau*. Jiwe hilohilo ndilo lililojengea majumba ya kifalme unayoyaona. Ukitaka mizabibu zaidi, jitenge na Loire siku moja uende Chinon kwa bonde la Vienne.

Niielekeze safari upande gani, kushuka mto au kupanda?

Mto hauamui, upepo ndio unaoamua. Loire inashuka polepole mno hata usitambue kama unapanda au unashuka, lakini upepo wa kawaida unatoka magharibi, baharini. Vitabu vingi vya safari huanzia mashariki kwenda baharini kwa sababu inapendeza kufika pwani. Miguu inapenda kinyume chake.

Bonde la Rhône ni kinyume: upepo wa *mistral* unapuliza kutoka kaskazini, wakati mwingine siku kadhaa mfululizo, na una nguvu ya kukusimamisha. ViaRhôna, njia ya baiskeli ya kilomita 815 kutoka ziwa Geneva hadi Mediterania, iendeshwe kutoka kaskazini kwenda kusini bila mjadala.

Kuna njia ambazo wengi hawazijui?

Bonde la mto Célé, mashariki ya mji wa Cahors. Kutoka Bouziès hadi Figeac unafuata D41 chini ya majabali, ukipita Marcilhac-sur-Célé na Espagnac-Sainte-Eulalie. Magari yanayokwenda haraka hupita barabara nyingine. Mizabibu iko upande wa pili, magharibi ya Cahors, ambapo mto Lot umejikunja kama nyoka kupitia Luzech na Puy-l'Évêque. Zabibu ya hapo ni Malbec, wenyeji huiita Cot. Mikunjo ya mto ina hesabu yake: barabara ikikata mkunjo, inapanda mlima, ikifuata mto, unaongeza kilomita lakini unabaki tambarare.

Karibu na Bordeaux kuna njia ya Roger Lapébie, iliyopewa jina la mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937. Ni reli ya zamani inayopita eneo la mizabibu la Entre-Deux-Mers hadi Sauveterre-de-Guyenne, siku moja kwa wengi.

Alsace ina véloroute yake ya mizabibu kutoka Marlenheim hadi Thann. Ni nzuri sana Mei. Desemba, wakati wa masoko ya Krismasi, ikwepe.

## Sheria za barabarani

Nimezoea kuendesha kushoto. Nini kitanikosesha?

Anayetoka Congo, Rwanda au Burundi hana shida, tayari anaendesha kulia. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda huzoea baada ya saa moja, lakini hukosea nyakati tatu: anapoondoka asubuhi kwenye barabara tupu, anapotoka dukani upande wa kushoto, na kwenye mzunguko (kipilefti), ambao hapa huzungukwa kinyume cha mshale wa saa. Ndani ya mzunguko, aliye tayari ndani kwa kawaida ndiye mwenye haki, naye atakujia kutoka kushoto kwako.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: breki. Kwenye baiskeli nyingi za Ufaransa mkono wa kushoto ndio breki ya mbele. Baiskeli nyingi za Afrika Mashariki zimefungwa kinyume. Ukibana kwa mazoea wakati unashuka, gurudumu la mbele litajifunga. Kabla ya kuondoka dukani, jaribu kila breki peke yake mahali tambarare, au mwombe fundi abadilishe waya.

"Priorité à droite" ni nini?

Kwenye makutano yasiyo na kibao, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama yuko kwenye kichochoro na wewe uko barabara pana. Vijijini hili si nadharia: trekta litatoka kwenye barabara ndogo ya kulia bila kukutazama, nalo lina haki. Kibao cha almasi ya njano chenye ukingo mweupe kinamaanisha wewe ndiye mwenye haki. Kikiwa na mstari mweusi, haki hiyo imeisha.

Ni nini cha lazima kisheria?

Kengele, breki mbili, viakisi mwanga, na gizani taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima nje ya miji usiku au wakati wa ukungu. Helmeti ni lazima kwa walio chini ya miaka 12, hata mtoto aliyebebwa nyuma. Vipokea sauti masikioni vimekatazwa kabisa, pamoja na simu mkononi. Faini ni euro 135. Magari nayo yanatakiwa kukupa nafasi ya mita 1.5 nje ya miji wanapokupita.

Naweza kuonja divai kisha kuendelea?

Kikomo cha pombe cha dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinakuhusu na wewe mwendesha baiskeli. Onja mwishoni mwa siku, katika kijiji unacholala. Kutema kwenye ndoo iliyo mezani si aibu, wataalamu wote hufanya hivyo. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, ukinunua tatu, kipando cha kesho kitakukumbusha. Uliza kama wanatuma kwa posta.

Sinywi pombe kabisa. Njia hizi zina maana kwangu?

Zinayo, barabara hailewi. Wakulima wengi huuza pia *jus de raisin*, juisi ya zabibu zao wenyewe, na hakuna atakayeshangaa ukiiomba.

Chakula ndicho kinachotaka uangalifu. Nyama halali vijijini ni adimu. Utaipata kwenye miji kama Tours, Chalon au Mâcon. Mikate ya mayai na *quiche* mara nyingi huwa na *lardons*, vipande vya nguruwe, bila kutajwa kwa herufi kubwa. *Baguette de tradition* ni salama: sheria ya mwaka 1993 inataka unga, maji, chumvi na hamira au chachu, bila mafuta. Ongeza jibini, nyanya, samaki wa kopo, na umepata mlo.

## Baiskeli, vifaa na treni

Baiskeli gani na tairi gani?

Yoyote yenye tairi za milimita 28 hadi 35. Tairi za 25 zinatosha kwenye lami, lakini voie verte ina mizizi iliyoinua lami na vipande vya changarawe. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi za 32, pampu bar 3.5 hadi 4 mbele na bar 4 hadi 4.5 nyuma. Wengi hujaza kupita kiasi, kisha hulalamika mikono inakufa ganzi.

Nibebe vipuri gani?

Kijiji cha mizabibu kitakuwa na wauza divai sita na fundi baiskeli sifuri. Beba:

- tyubu mbili za saizi yako, viraka na solusheni, na visu vya plastiki vya kutolea tairi
- pampu inayokubali valvu nyembamba ya Presta, ndiyo ya kawaida huko
- kiungo cha cheni na kifaa cha kukatia cheni
- kile kipande cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma

Hicho cha mwisho hudharauliwa. Baiskeli ikianguka upande wa cheni, ndicho kinachopinda au kuvunjika, na kila modeli ina chake; fundi wa mjini anaweza kusubiri siku tatu kukipata. Na kumbuka maduka mengi ya baiskeli hufungwa Jumatatu.

Nakuja kwa ndege kutoka Nairobi au Dar. Nilete yangu au nikodi?

Kwa safari ya chini ya wiki, kodi. Loire hasa ina wakodishaji wanaokuruhusu kuchukua mji mmoja na kurudisha mwingine. Ukileta yako: toa pedali (ya kushoto hufunguliwa kinyume), geuza usukani, funika kibadilisha gia, na weka kizuizi kati ya uma za mbele zisibanwe. Betri ya baiskeli ya umeme haiwezi kupanda ndege ya abiria, kwani hupita wati-saa 160. Visa ni ya Schengen, na inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180.

Treni zinabeba baiskeli?

Treni za mikoa (TER) nyingi hubeba bila malipo, ila mikoa mingine hutaka nafasi ihifadhiwe majira ya joto. Loire ni mojawapo ya sehemu ambazo usifike stesheni bila kuuliza. TGV, treni ya kasi, inataka tiketi ya baiskeli mapema, na nafasi ni chache. Baiskeli iliyofunguliwa na kuwekwa kwenye mfuko wa vipimo vinavyoruhusiwa inapita kama mzigo.

Mtego mkubwa uko kwenye ratiba: ukiona neno *car* au *autocar*, hilo ni basi limechukua nafasi ya treni, na mara nyingi halibebi baiskeli. Soma hilo kabla ya kununua.

## Maji, mikate na kulala

Nitapata wapi maji?

Makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza: *eau potable* ni ya kunywa, *eau non potable* si ya kunywa. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha Mei. Agosti ongeza ya tatu.

Maduka yamefungwa kila nikifika. Nakosea wapi?

Saa. Duka la kijiji hufunga karibu saa sita na nusu mchana na kufungua tena saa tisa au kumi. Mgahawa huhudumia kuanzia saa sita hadi saa nane tu. Ukifika saa nane na robo jiko limezimwa. Jumapili mchana na Jumatatu ni jangwa. Nunua mkate asubuhi, kila asubuhi, hata kama huna njaa.

Alama ya "Accueil Vélo" ina faida gani?

Inaonyesha malazi yasiyozidi kilomita 5 kutoka kwenye njia ya baiskeli iliyowekewa vibao, yenye mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo. Kwa mwenye hema, tafuta *camping municipal*, kambi ya kijiji.

## Mambo yanayoharibika njiani

Kibao kimeandikwa "Gravillons". Nifanye nini?

Punguza mwendo kabla hujafika. Majira ya joto barabara nyingi za D hufanyiwa ukarabati kwa kumwaga lami ya maji na kokoto juu yake, kisha magari huachiwa kazi ya kuzikandamiza. Kwa siku kadhaa kokoto hubaki huru, hasa kwenye kona na katikati ya njia za matairi. Pita kwenye mistari iliyokwisha kandamizwa na magari, usukani ukiwa mnyoofu, na tumia breki ya nyuma. Ukitoka, pangusa tairi: kokoto iliyonata kwenye lami mbichi huingia ndani taratibu na pancha huja kilomita kumi mbele.

Na tope la mavuno?

Trekta za mizabibu hutoka shambani na udongo kwenye magurudumu. Udongo wa chokaa wa Bourgogne ukilowa huteleza kama sabuni. Siku ya mvua Septemba, tumia barabara ya kijiji badala ya njia ya shambani, na usivuke tope ukiwa umeinamisha baiskeli kwenye kona.

Nimeona trekta refu linanyunyizia dawa.

Simama upande unaotoka upepo hadi lipite. Unyunyiziaji wa salfa, shaba na dawa nyingine huwa mwingi Mei hadi Julai, mara nyingi asubuhi wakati upepo umetulia. Hiyo pia ni sababu ya kutochuma zabibu za pembeni mwa njia. Sababu nyingine ni kwamba ni wizi, na mwenye shamba anahesabu.

Njia ya kando ya mto imefunikwa na maji.

Loire haijafungwa kwa mabwawa kama mito mingine, nayo hupanda msimu wa baridi na masika. Usijaribu kuvuka ukitegemea kwamba unaona lami chini ya maji. Ukingo unaweza kuwa umeliwa. Panda juu ya tuta (*levée*) na ufuate barabara yake hadi daraja linalofuata. Neno *Route barrée* (barabara imefungwa) kwa kazi za ujenzi wakati mwingine linaruhusu baiskeli kusukumwa pembeni. Kwa mafuriko haliruhusu.

Nimesikia milio ya bunduki.

Ni wawindaji. Msimu huanza Septemba na kuendelea hadi Februari, hasa Jumapili. Ukiona kibao *Chasse en cours*, vaa rangi kali, baki kwenye lami na usiingie njia za msituni.

Nikianguka nimpigie nani?

112, kutoka simu yoyote. 15 ni huduma ya matibabu ya dharura. Taja jina la kijiji, namba ya barabara na namba ya kilomita iliyo kwenye kijiwe cha pembeni: mawe hayo ya barabara za D yana kofia ya njano, na yameandikwa D pamoja na kilomita.